Kumi kwa Kumi

Nina hasira, na nisiposema leo nitapasuka. Mukiri amefutwa kazi, na mimi nimechangia.

Mukiri ni fundi wa kompyuta, mzaliwa wa kijiji cha Kianjai, mpangaji wa mtaa wa Majimbo hapa Embu. Kampuni yetu ameitumikia miaka minane. Idara yetu ina watu wanne: yeye, mimi Wanjugu, na wenzetu wawili. Mtandao ukilala Jumapili, anapigiwa simu Mukiri. Mwaka jana alipigiwa akiwa kanisani kwao Kianjai, bintiye Kinya akibatizwa. Akamwachia mkewe mtoto, akakimbilia Embu. Kufika, akakuta waya umechomoka tu. Waya! Na meneja Kiunga ameketi hapo kando ya waya huo, anakunywa soda.

Basi mwezi uliopita wakubwa wakatuletea kwenye kompyuta fomu ya kupima kama tunaipenda kazi. "Jibuni kwa uhuru," Kiunga akasema, "hakuna kuandika jina." Saa ya chai tukakubaliana sote wanne: tutaandika ukweli, tutaomba kila mtu apumzike Jumapili mbili kwa mwezi. Aliyepiga meza kuliko wote ni mimi. Domo langu hili!

Nikafungua fomu. Je, unafurahia kuitwa kazini siku ya mapumziko? Toa alama, moja hadi kumi. Nikawaza karo ya watoto, roho ikaruka. Nikabonyeza kumi. Maswali yote, kumi.

Mukiri aliandika ukweli wote, hadi ule ubatizo. Lakini mazoea, jamani! Miaka minane, kila akitengeneza printa au kumfungulia mtu aliyesahau nywila, anaandika kwenye mfumo wa kurekodi kazi: "Imeshughulikiwa. Mukiri." Alipomaliza kumwaga yaliyo moyoni, vidole vikaandika vyenyewe chini ya fomu isiyo na jina: "Imeshughulikiwa. Mukiri."

Jumatatu Kiunga akatuita, akasoma fomu hiyo kwa sauti, hadi lile neno la mwisho. Akacheka. Kisha akainua fomu tatu nyingine alizochapisha.

"Watatu wamefurahi kumi kwa kumi. Mmoja analalamika. Sasa shida ni kazi ama ni huyu mtu?"

Kumbe wenzetu nao walikuwa waoga kama mimi. Tukaangalia meza.

"Kuna mwenye neno?" Kiunga akauliza.

Nilikuwa nalo. Nikalimeza. Shetani mkubwa mimi!

Mchana Mukiri alipewa barua, eti hana moyo wa kazi. Yeye! Alikusanya bisibisi zake kwenye mfuko wa karatasi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Dada Wanjugu, chai ile tulikunywa watu wangapi?"

Akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nikiwa kanisani, simu ikatetemeka mkobani. Kiunga.

"Wanjugu, mtandao umelala. Njoo upesi."

"Bosi, niko kwa ibada."

"Si nyinyi wote mlisema mnafurahia?"

Nikatoka katikati ya mahubiri, watu wakinigeukia. Nilipofika ofisini nilikuta waya ule ule umechomoka, na Kiunga kando yake. Nilitaka kumtandika nao. Niliuchomeka, nikafungua mfumo, nikaandika: "Imeshughulikiwa. Wanjugu."