Siku Niliyomtembeza Dume wa Papa Salumu

Aibu yangu mimi haina haja ya kufichwa, maana Alunguli nzima iliiona kwa macho, na wale wa ng'ambo ya mto, huko Kasuku, waliipata kabla mitumbwi ya jioni haijarudi, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe, angalau chumvi niitie mimi. Naitwa Ramazani, ni fundi cherehani, si mfugaji (shikeni hilo, shida yote ilianzia hapo), na kwa miezi kadhaa nilizunguka mji nikimsema vibaya dume wa mtu, dume asiye na kosa lolote, kumbe mwenye ila nilikuwa naye nyumbani kwangu, namlambisha chumvi kiganjani.

Lakini kwanza niwaambie habari za mama yangu, Mama Zuhura, kwa sababu bila yeye hamtaelewa mshona suruali alitafuta nini kwenye ng'ombe. Marehemu baba alituachia ng'ombe saba. Vita ilipokuja, wenye bunduki walikula sita, mmoja baada ya mwingine, na yule wa saba mama akamfunga kamba akaingia naye porini, upande wa kwenda Lokandu, akakaa naye huko. Majani ya ng'ombe aliyabeba kichwani kwenye kikapu na juu yake akapanga sombe, yaani kisamvu, ili akikutana na mtu aonekane anakwenda kupika. Maziwa aliyaleta mtaani kwenye birika ya udhu, maana pale kwenye vizuizi hakuna aliyemuuliza mwanamke mwenye birika ya udhu amebeba nini. Watoto wa jirani walipata kikombe kimoja kimoja, hata mtoto wa Papa Salumu, mzee ambaye mtamsikia sasa hivi. Mimi nilikuwa kijana tayari, mwenye ndevu mbili tatu, na niliogopa, nikabaki nyumbani. Yeye sijui kama hakuogopa au aliogopa akaenda hivyo hivyo. Shujaa kama yule sijamwona tena, na ninasema hivyo bila haya ingawa ni mama yangu.

Yule ng'ombe alikuja kufa kwa uzee, wakati wa amani, bila kuacha mtamba hata mmoja. Tangu hapo mama akawa na ombi moja tu, kila akimaliza kusali: "Ramazani, nataka nione ndama tena mu lupango, hapa mu kiwanja yetu, mbele Mungu hajaniita." Na goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua, na mimi nilikuwa naona miaka inavyokwenda. Nikaapa nitamletea huyo ndama.

Basi siku moja wakafika wachungaji kutoka Kabambare, wametembea na ng'ombe wao siku nyingi, na mmoja wao, mtu mwembamba mwenye kofia ya majani, alikuwa na mitamba wanne wa kuuza. Nikawazunguka kama mtu anayejua (nilikuwa nimeweka hata kijiti mdomoni), nikamchagua mmoja mnene, shingo pana, manyoya yanang'aa. Yule mchungaji akatikisa kichwa.

"Huyu hapana, papa. Wa kuzaa njo hawa watatu. Huyu iko wa nyama. Alizaliwa mapasa na dume."

Aliniambia, jamani! Aliniambia wazi, mchana, mbele ya mashahidi. Lakini mimi katika maneno yale yote nilisikia moja tu: mapasa. Nanyi mnajua kwetu mapacha hawachezewi. Mama wa mapacha ana jina lake la heshima, wanawake humwimbia nyimbo zenye maneno ambayo siku nyingine yangekupatia kofi, na hakuna anayekasirika, kwa sababu nyumba imebarikiwa. Nikajiambia, aliyezaliwa pacha atazaa mapacha, huyu bwana wa kofia anataka kuficha hazina yake aende kumuuzia mtu mwingine huko mbele. Kadiri alivyonikataza ndivyo nilivyozidi kumtaka. Mwishowe akakunja kamba akaniwekea mkononi. "Sawa papa, ila mimi nimekuambia." Nikawakonyeza wenzangu, yaani, mmeona alivyotaka kunizunguka?

Nikafika nyumbani nacheka peke yangu. Mashangazi wakaja, wakaimba zile nyimbo zote, chafu na safi, mtamba tukamwita Baraka, na mimi kuanzia siku ile mtaa ukaniita Baba Mapasa. Nililipenda jina hilo, sikatai.

Dume tuliazima kwa Papa Salumu, mzee tunayesali naye safu moja, mtu wa maneno machache ambaye fahari yake duniani ni dume mmoja mweusi aitwaye Kapita. Kapita akaletwa mara ya kwanza, akamnusa Baraka, akageuka akala majani. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu hakunusa hata, alikwenda moja kwa moja kwenye majani. Mtu mwenye akili angejiuliza Kapita ameona nini, mimi nikasema Kapita amechoka.

Nilisema kwanza barazani, baada ya sala ya Ijumaa, kwa mzaha tu, na watu wakacheka. Kucheka kwa watu ni kutamu, ndugu zangu, kunalevya kuliko pombe ambayo mimi sinywi. Nikarudia kwa kinyozi, nikaongeza kidogo. Sokoni nikaongeza tena, na pale bandarini wanaposubiri mitumbwi nikasema Kapita amebaki sauti tu, shughuli ameacha. Haukupita muda wenye ng'ombe wakaacha kumpelekea Papa Salumu majike yao, na siku moja nikamwona mwenyewe mlangoni kwangu, amesimama na fimbo, hataki kiti.

"Ramazani, dume yangu iko na watoto Alunguli yote. Lete veterineri. Atapima wote wawili, mbele ya watu."

Na mimi, badala ya kuomba msamaha pale pale, nikafurahi! Nikaalika watu. Nikatandika mikeka, nikachemsha chai, nikawaweka mashangazi tayari kwa nyimbo, nikamkalisha mama mbele kabisa ili asikie kwa masikio yake kwamba tatizo ni dume na ndama wake yuko njiani.

Veterineri, yaani daktari wa mifugo, alikuwa Madamu Riziki, mwanamke mdogo wa umbo, umri wa binti yangu, alikuja kwa baiskeli na buti zake. Wanaume wakaanza utani, mwanamke atapima dume vipi, naye akanawa mikono, akamshika Kapita, akampapasa, akauliza ndama wake wako wapi, wakamwonyesha watatu wanaonyonya hapo hapo mtaani. "Dume iko bien, haina shida," akasema, na utani ukakatika. Nilimpenda yule mwanamke tangu dakika ile, kwa namna alivyofanya kazi kana kwamba sisi wote ni miti tu.

Kisha akavaa glavu ndefu mpaka begani akamwingia Baraka kwa nyuma, kwenye njia ya kinyesi, kutafuta kizazi kwa mkono. Alitafuta kwa muda. Akatoa mkono, akanitazama, akasema taratibu, "Papa Ramazani, tuongee kidogo kando."

Alitaka kunifichia aibu, mnaona? Mlango ulikuwa wazi, ningepita. Nikapaza sauti: "Hapana Madamu, sema hapa hapa, watu wote wasikie!"

"Papa, tafadhali."

"Hapa hapa!"

Akashusha pumzi. "Huyu alizaliwa peke yake?"

"Peke yake?" Nikasimama juu ya mkeka na viatu vyangu. "Huyu njo mapasa, Madamu! Alizaliwa na ndugu yake dume!" Na mashangazi wakadhani ndiyo zamu yao, wakapiga vigelegele, wakaimba wimbo wote wa mapacha, wenye matusi yake yote, na Madamu Riziki akasubiri kwa adabu mpaka ubeti wa mwisho.

"Njo iyo, papa," akasema walipomaliza. "Ng'ombe jike akikaa mu tumbo moja na dume, damu yao inachanganyika. Ya dume inazuia kizazi ya dada yake, haikomae. Dume hana shida, ila dada yake karibu kila mara anakuwa tasa. Mimi nimetafuta kizazi, nimekuta kitu kama uzi. Huyu hatashika mimba, hata umuletee dume ya Congo yote."

Halafu sauti ikatoka nyuma: "Na ule muntu wa kukuuzia hakukuambia?"

Ulimi wangu, ambao sijui nimeukosea nini, ukajibu wenyewe: "Aliniambia iko wa nyama."

Hapo ndipo watu walipocheka. Walicheka mpaka chai ikamwagika, mashangazi wakashikana, jirani mmoja akakaa chini. Waliokuwa hawacheki ni Papa Salumu, na mama, ambaye alikuwa anamtazama Baraka tu, na mimi sikuweza kumtazama yeye. Ndama niliyemwahidi hakuwepo, hakuwahi kuwepo, na nilikuwa nimepoteza karibu mwaka mzima wa umri wa mama.

"Jina ya dume yangu," Papa Salumu akasema vicheko vilipotulia, "uliichafua kwenye baraza, kwa kinyozi, ku soko na ku bandari. Utaenda kuisafisha kule kule, na dume mukononi. Useme: Kapita iko muzima, mimi njo mujinga." Wazee wakaitikia kwamba ni haki. Na ilikuwa haki.

Nikapewa kamba. Kapita akanitazama, mimi nikatazama miguu yangu, na miguu haikutaka. Ndipo nikamwona mama anainuka mkekani, polepole, goti linamgomea, akafunga kitenge vizuri, akachukua fimbo yake akatangulia mbele ya dume. Nikamwambia, "Mama, baki, ni mbali." Akajibu bila kugeuka: "Ulishawahi kutembeza ng'ombe wewe?"

Barazani nikasema yale maneno, nikayameza nusu, wakanitaka nianze upya. Kwa kinyozi mteja alitoka amenyolewa upande mmoja ili asipitwe. Sokoni akina mama walidai hawakusikia vizuri, nirudie, nikarudia mara tatu (walisikia tangu mara ya kwanza, nawajua). Lakini nikaona jambo. Mimi walinicheka, ila mama yangu kila alipopita walimwamkia kwa kuinama, na watu wazima, watu wenye meza zao za biashara, ambao siku zile za vita walikuwa watoto wa kikombe kimoja kimoja, wakaacha bidhaa wakaanza kutembea nyuma yake. Hakuwaita. Hakuwatazama hata. Tulipofika bandarini tulikuwa msafara, na niliposema kwa mara ya mwisho kwamba Kapita ni mzima na mjinga ni mimi, nilikuwa nalia, na si kwa aibu.

Tukamrudisha Kapita kwao. Mama akaegemea fimbo.

"Salumu, mutoto wangu alikukosea, amelipa. Sasa sisi wawili tusikilizane. Harusi ya binti yako iko karibu. Kamata ule Baraka mwenye nyama, na wewe unipe mutamba moja, mwenye tunajua mama yake na nyanya yake."

Papa Salumu, kwa mara ya kwanza siku ile, akacheka. Madamu Riziki mwenyewe ndiye aliyekwenda kumchagua mtamba. Baraka alilisha harusi nzima, na kila aliyekula alikumbuka kunisifia, eti Baba Mapasa anajua kuchagua nyama.

Masika haya yaliyopita yule mtamba wa Papa Salumu amezaa, ndama mmoja, jike, mtoto halali wa Kapita. Mama alikataa mtu mwingine asimguse, akachuchumaa na goti lake lile bovu, akamfuta ndama kwa majani makavu huku akimwongelesha. Nikajikaza nikamuuliza jambo lililokuwa likinikaa moyoni: yeye aliyeishi na ng'ombe porini miaka ile, kweli hakumjua Baraka?

"Nilijua tangu mwezi wa kwanza," akasema. "Ile shingo njo ya dume. Na hakulia hata siku moja kutafuta mume."

"Sasa mama, mbona ulinyamaza?"

Aliendelea kufuta, sikio moja, kisha la pili.

"Tangu vita ulikuwa hauchekake mu hii nyumba, Ramazani. Ile siku umemuleta, ulicheka. Mimi nitakuambia nini?"

Basi nimeapa. Mtu akinisimulia ubaya wa mali yake mwenyewe, nitamwamini papo hapo na kumshukuru. Dume wa mtu sitamsema tena, hata akinikanyaga. Na mama akitoka kwenda popote, kwa amani au kwa vita, mimi sitabaki tena nyumbani.