Fundi Komeo na Binti Aliyebaki Nje

Mtaani kwetu, ukitaka geti ambalo mwizi akiliona anageuza njia mwenyewe, ulikwenda kwa Fundi Komeo. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Sisi sote, hata mkewe akikasirika, tulimwita Komeo, kwa sababu hakuwahi kutengeneza mlango wenye komeo moja. Mteja akiomba moja, yeye anaweka mawili, la tatu anamwongezea bure, halafu anampa hotuba. Alikuwa mtu wa mwili mdogo na sauti kubwa, mikono imejaa alama za cheche. Karakana yake ilikuwa uani kwake, kwa hiyo mashine zilinguruma ndani ya nyumba ile toka asubuhi, na majirani tulizoea kuongea kwa kupaza sauti hata tulipokwenda ugenini.

Hotuba zake zilikuwa mbili tu, ya chuma na ya malezi. Ya chuma tulimsikiliza, maana alikijua. Ya malezi tulimvumilia. Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na mitano aliyerithi jina la mama yake fundi, ndiyo maana baba yake alimwita Bibi. Alikuwa mtoto mwenye adabu, anasalimia kila mtu, na shuleni hakuna aliyewahi kumlalamikia. Kwa Komeo huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba yeye ni bingwa wa malezi, na hakuona taabu kumweleza hivyo jirani yake, Dereva wa lori, aliyekuwa na wana watatu wasiotulia.

"Mtoto ni kama geti, jirani," alimwambia juu ya ukuta. "Ukipima vizuri mwanzoni, halikusumbui tena."

"Geti lako halimalizi mkate mzima kabla ya kwenda shule," Dereva alijibu, akaendelea kuosha lori lake.

Basi manispaa ilipotoa sheria mpya, Komeo alifurahi utadhani ameitunga yeye. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: mtoto wa chini ya miaka kumi na minane asionekane mitaani baada ya saa mbili usiku bila mzazi au mtu mzima wa kwao. Akikutwa, atarudishwa nyumbani, na wa kuulizwa ni mzazi. Mara ya kwanza mzazi ataitwa kwenye darasa la wazazi siku ya Jumamosi. Akirudia, atajieleza mbele ya baraza la kata.

Tuliitiwa mkutano kwenye ukumbi wa kata ili tuelezwe. Afisa wa ustawi wa jamii, dada mmoja wa sauti ya taratibu, alisimama mbele na kujibu maswali. Fundi viatu alitaka kujua itakuwaje mtoto akitumwa dawa ya mgonjwa. Mama muuza mitumba aliuliza kuhusu wanaochelewa masomo ya jioni. Afisa alijibu kwamba sheria ina utu, kila jambo litatazamwa lilivyo. Hapo Komeo akasimama.

"Mheshimiwa, tusizunguke mbuyu. Saa mbili yenyewe ni kuchelewa. Na mzazi asiyejua mtoto wake yuko wapi, huyo ndiye mwenye kesi, si mtoto! Mimi sasa hivi mkiniuliza binti yangu yuko wapi, nawajibu nikiwa nimefumba macho."

"Yuko wapi?" Dereva aliuliza.

"Nyumbani, anasoma."

Watu wakageuza shingo. Bibi alikuwa safu ya nyuma kabisa, amekaa na wenzake, anatafuna njugu. Alitikisa kichwa polepole kutuomba tunyamaze, nasi tukanyamaza. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumfumbua macho mtu aliyeyafumba kwa raha kiasi kile.

Tangu siku hiyo Komeo akawa anafunga geti lake mapema, kabla hata ya taarifa ya habari, "ili tuiwahi sheria kabla haijatuwahi". Jioni zile mkewe, anayefua mashuka hospitali, mara nyingi alikuwa zamu. Nyumba ilibaki mikononi mwa fundi. Alikuwa anasukuma makomeo yote, anarudi kwenye kazi yake chini ya taa ya uani, na moyo wake unatulia.

Jioni ya mkasa, alikuwa amepewa kazi ya haraka ya madirisha ya duka. Akafunga geti, akashusha kinyago cha kuchomelea, akaendelea. Mara akasikia geti likigongwa. Akazima mashine kidogo.

"Nani?"

Kukawa kimya. Mgongaji alikuwa amepumzika. Komeo akawasha mashine tena. Geti nalo likagongwa tena, safari hii kwa jiwe. Fundi akakata kauli kwamba hao ni wana wa Dereva, wanamchezea. Akapaza sauti bila kuzima mashine:

"Nyie watoto msio na kwenu! Nendeni kwa baba yenu! Wangu mimi yuko ndani, amejifunika shuka!"

Nje ya geti, aliyekuwa ameshika jiwe ni Bibi. Alikuwa amefika bado kidogo saa mbili itimie, amegonga mpaka mkono umemuuma, ameita "Baba ni mimi" mpaka sauti imemkauka. Sasa alikaa kwenye kizingiti, akisikiliza jinsi alivyojifunika shuka.

Ndipo wakapita walinzi wawili wa mtaa, mzee mmoja na dada mmoja mwenye tochi. Dada akammulika miguuni, kwa heshima.

"Mdogo wangu, unafanya nini hapa?"

"Nasubiri kufunguliwa. Hapa ndipo kwetu."

"Na mzazi wako yuko wapi?"

"Ndiye huyo anayesema niko ndani."

Mzee akageuka pembeni akakohoa, kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Wakagonga kwa rungu. Hapo Komeo akaja mbiombio kumkomesha mtu, akafungua la kwanza, la pili, la tatu, akatokeza na kinyago juu ya paji la uso.

"Fundi, shikamoo," dada alisema.

"Marahaba. Mmewakamata? Nilijua tu!"

"Unamfahamu huyu?"

Bibi alikuwa amesimama nyuma ya mzee, gizani. Komeo hata hakumtazama vizuri. "Simjui. Mimi mtoto wangu yuko chumbani."

"Hebu kamwangalie, baba."

Akaingia ndani akijiamini. Tuliokuwa madirishani tulimsikia akiita, "Bibi!" kwa sauti ya kawaida, kisha "Bibi?" kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, nyembamba, kama ya mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Milango ikafunguliwa na kufungwa. Alipotoka, kinyago kilikuwa kimemshukia usoni na hakukumbuka kukipandisha.

"Hayupo," alisema ndani ya kinyago. "Jamani, mwanangu hayupo! Nisaidieni."

"Baba, niko hapa."

Akakivua. Akamtazama binti yake kuanzia nywele mpaka viatu vilivyojaa vumbi. Alitaka kumkumbatia na kumgombeza kwa wakati mmoja, mikono ikaenda mbele ikarudi, mwishowe akamfuta vumbi begani, akamwachia doa jeusi la masizi.

Mzee wa ulinzi alitaka mambo yaishe hapo. Mtoto yuko mlangoni kwao, alisema, hatua moja tu na yumo ndani. Lakini hiyo hatua moja geti lilikuwa limeikataa, na saa mbili ilikuwa imepita wakati fundi anapekua vyumba. Dada wa tochi akasita. Aliyemaliza ubishi ni Bibi mwenyewe.

"Sheria inasema akikutwa nje, anaulizwa mzazi. Baba alisema vizuri mkutanoni."

"We ulijuaje nilivyosema mkutanoni?" Komeo aliuliza.

Badala ya jibu, akaambiwa Jumamosi asubuhi, ukumbi wa kata.

Mkewe aliporudi kutoka zamu na kuelezwa, alianza na hasira akaishia pengine. Alikaa kwenye ndoo aliyoipindua, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Baba Bibi, nisikie vizuri. Umemfungia mtoto nje, halafu ukakesha unamlinda asitoke?"

"Sikukesha. Ilikuwa mapema."

"Aa, basi hapo umejitetea."

Jumamosi ilipofika, Komeo alipita njia ya uchochoroni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Haikumsaidia. Alipoingia ukumbini, Dereva, aliyeitwa kwa ajili ya mwanawe wa kati, alisimama akapiga makofi.

"Mwalimu wetu amefika! Nilijua watamleta atufundishe. Mpisheni mbele!"

Wazazi, wapatao kumi na kitu, wakampisha kweli. Mwingine akampanguzia kiti. Komeo angeweza kunyamaza. Badala yake akasema, akiitazama sakafu, "Mimi pia nimeitwa."

"Kwa kosa gani?"

"Mtoto alikutwa nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya geti."

"Geti la nani?" Dereva alijua yote, ukuta wao ni mmoja. Alitaka tu kulisikia likitoka mdomoni mwa mwenyewe.

"Langu," Komeo alisema, na ukumbi ukalipuka.

Afisa aliwaacha wacheke mpaka wakatosheka. Kisha akaanza somo lake, ambalo halikuwa na hotuba hata moja. Alimwomba kila mzazi ataje rafiki mmoja wa mtoto wake, na kitu kimoja kilichomfurahisha mtoto wiki ile. Dereva akatangulia. Akamtaja rafiki wa kila mwanawe, akaeleza kwamba mkubwa amejifunza kupika chapati ambazo hazitafuniki lakini familia inazisifu, na wa mwisho anaogopa kuku ila hataki ijulikane. Aliongea hadi akaombwa kupunguza. Watoto wake walikuwa watundu, lakini aliujua utundu wao kwa majina.

Zamu ya Komeo ikafika.

"Wangu anasoma," alisema.

"Anasoma nini, fundi?"

"Vitabu."

Wengine walicheka, afisa hakucheka. "Na rafiki yake?"

Komeo alijikuna kichwa. Mtu huyu aliyejua kwa kugonga tu kama bomba limeoza kwa ndani, alitazama dari kama atakayesomewa jibu huko. Ndipo Dereva, na kwa hili tulimheshimu, akaacha utani.

"Binti yake ndiye refa wa watoto wetu uwanjani," alisema. "Jioni zote. Ana filimbi na kadi. Mwanangu huyu wa kati alitukana, akamtoa nje, na hakumrudisha hadi alipoomba radhi kwa kila mchezaji. Na mechi ikiisha, wadogo wote anawapeleka makwao mmoja mmoja, sheria isiwakute njiani. Fundi, siku ile alichelewa kwa sababu ya hilo. Mwanangu wa mwisho alikuwa mmoja wao."

Komeo alikaa. Darasa lilipokwisha, afisa alimsindikiza mlangoni, akamwambia kitu kidogo ambacho hakumwambia mtu mwingine, na fundi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa.

Jumatatu jioni mashine zake zilinyamaza mapema hadi majirani tukadhani umeme umekatika. Alikuwa amekwenda uwanjani. Alisimama nyuma ya goli, mikono mgongoni, akamwona binti yake mpole akikimbia kati ya watoto ishirini wanaopiga kelele, akiwanyamazisha kwa filimbi moja. Mpira wa kona ulipopigwa vibaya, Komeo alisahau yuko wapi, akaingia uwanjani kumwelekeza mpigaji jinsi ya kupima. Filimbi ikalia. Bibi akaja mpaka mbele yake, akatoa kadi ya njano, akamwonyesha.

"Mtazamaji arudi nyuma ya mstari."

"Bibi, mimi nilikuwa namfundisha tu..."

"Nyuma ya mstari, baba."

Akarudi. Alituambia baadaye kwamba hajawahi kuonewa kwa raha namna ile.

Mechi ilipokwisha walitoka pamoja na msururu wa wadogo. Baada ya nyumba mbili tatu fundi akauliza alichotaka kuuliza tangu Jumamosi.

"Kwa nini hukuniambia unakuja huku?"

"Nilikuaga. Kila siku nakuaga. Unaniambia haya."

"Mimi?"

"Unaitikia kwa kichwa, unasema haya, nenda."

"Mashine itakuwa ilikuwa inawaka."

"Baba, mashine inawaka siku zote."

Komeo akamwambia kwamba kuanzia kesho, akitaka kuaga, azime swichi kwanza, ile nyekundu ya ukutani, hata kama chuma kimefika katikati. Bibi akauliza itakuwaje chuma kikiharibika. Baba akajibu kwamba chuma kingine kipo dukani. Kesho yake pia alimkatia ufunguo wake wa geti, na makomeo mawili ya ndani akayang'oa, akisingizia kutu.

Siku hizi ukipita uwanjani jioni utamkuta. Afisa wa ustawi amempa kitambaa cha kijani cha kufunga mkononi, maana sheria inataka mtu mzima awasindikize watoto, na alipouliza nani atajitolea yeye alikuwa ameshanyoosha mkono. Hotuba ya malezi bado anayo, ila imekuwa fupi na ina maswali mengi. Jana nilimwona akipita na kundi lake, Bibi mbele anahesabu vichwa, yeye nyuma kabisa amembeba mgongoni mwana wa mwisho wa Dereva, wanapita mbali na banda la kuku la fundi viatu, na mtoto akimnong'oneza sikioni kwamba wamekwenda njia ndefu kwa sababu yeye anapenda kutembea.

"Hata mimi napenda," Komeo alimjibu.