Nilizisugua Rupia Zote Zikang'aa, Sasa Sijui ya Mama ni Ipi

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje, maana huku Kisesa mpaka Magu mimi ni mtu maarufu. Ndugu zangu mnaosoma, mimi ni baba wa miaka hamsini na sita, nina mke, watoto saba na wajukuu. Shule niliishia darasa la tano, lakini mniwekee profesa yeyote hapa tuongee habari za wafalme, ataomba maji ya kunywa. Ninakusanya hela za kale za fedha. Ninazo shilingi za Joji wa Uingereza zenye simba mgongoni. Ninaye yule malkia wa Austria mwenye kifua kama mama mwenye nyumba. Na nilikuwa na rupia kumi na moja za mfalme wa Wajerumani, yule mwenye kofia ya tai. Watu walikuwa wanatoka Nyakato kuja kuniuliza, na mimi nawaambia babu yangu alimpokonya mfalme yule hela mkononi, wakagombana mpaka tai akaruka kichwani. Wanacheka, wananunua soda, maisha yanaenda.

Ukweli ni kwamba babu alilipwa rupia moja kwa kubeba mizigo. Akampa mama yetu. Mama aliifunga kwenye fundo la kanga maisha yake yote, na kwa kuwa alikuwa anajipaka samli, ile rupia ilikuwa nyeusi tii na inanuka samli ya zamani. Mama alipofariki ikaenda kwa dada yangu mkubwa, yuko Magu. Dada ndiye aliyenilea. Macho yalipomwisha akaniita, akasema, "Mdogo wangu, hapa kwangu watoto ni wengi, itapotea. Wewe ndiye mjuzi wa wafalme. Nitunzie." Nilivimba kichwa, sifichi. Kwa dada nilikuwa mtu mzima siku hiyo.

Sasa akanipigia simu mnunuzi mmoja kutoka Dar, anakuja kuona mkusanyo wangu. Nikajiuliza, mgeni wa Dar nimwonyeshe vitu vichafu? Kwetu sufuria isipong'aa mgeni hasemi kitu lakini akifika kwao anasema. Nikachukua karai, majivu, malimao na waya wa kusugulia masufuria. Na hapa ndipo shetani alipokaa: nikaona Wajerumani kumi na mmoja hawapendezi, wakiwa kumi na wawili ndiyo jeshi. Nikafungua fundo la mama, nikaitumbukiza na ile. Nikajiambia, mimi nishindwe kuijua? Nilisugua asubuhi nzima, mke wangu akanipita akasema, "Baba, vyombo vya kwangu hujawahi kuvigusa." Nikamwambia akae kimya, anaoshwa mfalme.

Nilipozianika juani zote zilikuwa nyeupe, zinafanana kama vifaranga. Nikageuza moja moja. Nikanusa. Limao tupu.

Yule mnunuzi hata kiti hakukikalia. Alisema, "Mzee, nani kakwambia uzisugue? Ule weusi ndio umri wake." Akaondoka. Wallahi hilo halikuniuma. Aende.

Kilichoniuma ni dada. Mjukuu wake amezaa mtoto wa kike, akapewa jina la mama, Kabula. Kwa ukoo wetu anayerithi jina anavishwa shingoni kitu cha marehemu, na dada ndiye wa kumvisha, hakuna binti mwingine wa mama aliyebaki. Akasema nilete rupia. Nikachagua moja kwa kubahatisha, nikaenda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umemleta mama?"

Nikampa. Akaipeleka puani, akakaa nayo kitambo. Akaigeuza, akanusa tena. Akasema, "Mbona simsikii?"

Nikapiga magoti, ndugu zangu, mtu kama mimi. Nikamwambia kila kitu, karai, limao, mnunuzi, kumi na mbili. Dada akacheka mpaka akakohoa. "Wewe bwana! Hata kwenye msiba wa baba ulituambia mfalme wa Ujerumani katuma salamu za rambirambi. Leo umemwogesha?" Nikaapa. Akazidi kucheka. "Acha utani, mdogo wangu, niko kwenye jambo."

Halafu akaipeleka puani tena. Akasema, "Dagaa wa jirani nawasikia. Moshi nausikia. Mama peke yake ndiye simsikii. Nimemkosea nini?"

Tangu siku hiyo amekataa kumvisha mtoto. Anasema hawezi kumvisha mpaka mama amrudie, maana itakuwa kumpa mtoto hasira za marehemu. Anashika ile rupia, ambayo huenda ni ya mtu mwingine kabisa, anaiomba msamaha. Anataja makosa ya utotoni, maziwa aliyokunywa kwa siri, mara aliyomjibu mama vibaya. Chakula hataki. Mjukuu wake kanipigia juzi, anasema, "Babu, bibi anaisha." Nimerudi mara mbili kumweleza, na kila nikifungua mdomo anatabasamu, "Haya, na leo mfalme kasemaje?" Mke wangu alikwenda kunitolea ushahidi, dada akamwambia, "Na wewe wifi, amekuambukiza."

Kuna samli kwenye kopo hapa mbele yangu, nimeinunua kwa Msukuma mmoja mfugaji, ya kienyeji kabisa. Nikiipaka ile rupia dada atamsikia mama, atamvisha mtoto, atakula. Lakini atakuwa amedanganywa na mimi kwenye jambo lake la mwisho, na mtoto atavaa uongo wangu shingoni maisha yake yote. Nisipopaka, anakufa akijua mama yake kamkataa, na ukweli wangu hauna mnunuzi.

Zile kumi na moja ziko kwenye karai bado, sijazigusa. Mama yumo humo, au yuko Magu, sijui.

Dada anasubiri. Nishaurini, kopo hili nilifungue au niliache?