Mpishi Magamba na mteja aliyemngoja miaka kumi na tisa

Mvuke umejaa jikoni hadi kioo cha dirisha kinatiririka. Ndani, sufuria ya supu ya samaki inatokota na wali unapaliwa makaa. Nje ya mlango, juu ya moto, changu wawili wanageuzwa na mwanamke mnene, mwenye kitambaa kichwani, anayeimba kwa sauti isiyo nzuri na wala haimshughulishi.

"Usikae upande huo, moshi unapenda wageni," anamwambia mwandishi wa makala haya, akimsogezea kigoda. "Na ukikaa, kaa na njaa yako. Hapa hatupokei walioshiba."

Kila mtu hapa anamwita Magamba. Ni mpishi wa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi, mkabala na ufukwe, na likizo hii vyumba vyote vimejaa. Kuna walimu waliokuja kupumzika, familia zenye watoto wasiotoka majini mpaka waitwe kwa jina la ukoo, na bwana na bibi harusi wapya ambao huonekana saa za kula tu.

Siku za kawaida hupakua sahani kama ishirini za mchana. Likizo ikifika huzidi sitini, na msaidizi wake ni mmoja: wifi yake, ambaye hukuna nazi na kutia chumvi, kwenye chungu na kwenye mazungumzo.

Jina la Magamba alipewa na mama mkwe wake wiki ya kwanza ya ndoa. Amezaliwa mbali na bahari, milimani, kwa watu wa ng'ombe. Siku aliyoachiwa jiko peke yake, alimtia samaki mzima kwenye mafuta, na magamba yake yote.

"Baba mkwe alitafuna kimya kimya," anasimulia, akijipigapiga goti kwa kicheko. "Halafu akasema, 'Mwanangu, leo umetupikia samaki na shati lake.' Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akanishika mkono, tukaanza mwanzo. Huyu hukaangwa, huyu huchemshwa, huyu ukimzidisha moto anageuka kandambili."

Leo wageni humaliza chakula chake, kisha huja mlangoni kuuliza kama kuna ukoko. Lakini kuna mgeni mmoja, kwenye meza ya mwisho chini ya mwavuli, ambaye hajagusa chakula chake tangu afike juzi. Ana chai na mkate, na bahari ameipa mgongo.

Ni baba mzazi wa Magamba.

Mzee huyo amekuwa muuza nyama maisha yake yote. Bucha yake, ambayo sasa anaiendesha mtoto wake wa kiume, ililisha na kusomesha watoto sita. Binti yake alipochumbiwa na fundi wa injini za boti, alitoa idhini shingo upande, akacheza harusini, akarudi kazini. Tangu hapo ni miaka kumi na tisa, na hakuwahi kukanyaga huku. Kila alipoalikwa alisema bucha haina mtu wa kuiacha.

"Wajukuu ndio waliokuwa wanakwenda kumsalimu," anasema Magamba, na sauti inashuka kidogo. "Mimi nimelisha watu wa kila aina, ndugu yangu. Wengine wananipigia simu mpaka leo. Lakini mtu aliyenilisha mimi, sijawahi kumlisha."

Mwaka huu mama yake alifunga begi na kutangaza kwamba anakwenda likizo kwa binti yake, anayetaka na amfuate. Mzee akamfuata, na mfuko wa nyama iliyokaushwa kwapani kwa ajili ya kujihami. Hewa ya bahari haikuwa na huruma. Siku ya pili nyama ikaota ukungu, na mkewe akaitupa kwa furaha.

Mama huyo hana taabu yoyote. Anavunja gando la kaa, mchuzi umemfikia viwikoni. "Samaki mkunje angali mbichi," anasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Huyu wangu alishakauka kabla hajanioa."

Mzee anajifanya hasikii.

Mara muuza samaki anaingia uani akiwa amembeba jodari begani kama mtoto aliyelala. Ni samaki mkubwa, mnene kifuani. Magamba anamlaza juu ya meza ya mbao, anachukua kisu na kuanza kukata. Kisu kinateleza. Anajaribu tena, kinakwama.

"Hicho ni kisu au kijiko?" sauti inatoka chini ya mwavuli.

"Ndicho kilichopo, Baba."

Anaendelea kuhangaika. Mzee anaweka kikombe chini, anakiinua, anakiweka tena. Mwishowe anasimama.

"Unamchana, mama. Nyama haichanwi, hukatwa. Lete hapa. Kinoo kiko wapi?"

Kinoo kinaletwa upesi mno. Mzee anakunja mikono ya shati, ananoa, anajaribu makali kwa ukucha, anaridhika. Anapitisha kisu nyuma ya kichwa cha samaki, anashuka na uti wa mgongo, anafungua. Halafu anaganda.

"Nyekundu!"

"Ndiyo, Baba."

"Huyu ni samaki au ndama?"

Wageni wanacheka na kusogea na sahani zao. Mzee sasa yuko kazini. Anatenga, anapanga, anaeleza bila kuulizwa: hapa pa kuchoma, hapa pa mchuzi, na hapa, jamani, hii ndiyo sarara yenyewe, mnofu laini kuliko yote. Vipande vinalala sawasawa kana kwamba vimepimwa kwa rula.

Magamba anamwinamia mwandishi. "Jodari nilimwagiza tangu walipofika," ananong'ona. "Na visu vikali vyote nimevificha kwenye debe la unga."

Anachukua sarara, anaipaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, anaitupia kwenye moto mkali, anageuza mara moja na kuitoa. Anaiweka mbele ya baba yake, pamoja na maji ya kunawa. Wifi anaacha kukuna nazi.

Mzee anakata kipande. Anatafuna huku amefumba macho. Anakata cha pili, kikubwa zaidi.

"Mzee, vipi?" mkewe anauliza.

"Nyamaza. Nakula."

Sahani inapobaki tupu ndipo anapozungumza, akiwa amemtazama binti yake.

"Kwetu anayekula samaki ni mtu aliyekosa nyama. Ulipoolewa huku, nilijua nimekupeleka njaani. Kila mwaka najiambia nisiende, nisije nikakuta mwanangu amekonda, na mimi ndiye niliyekutoa."

"Baba, niangalie vizuri," anasema Magamba, akijizungusha mbele yake. "Nimekonda wapi?"

Ua mzima unapasuka kwa kicheko, na mzee anacheka kuliko wote, mabega yakimtikisika. Magamba anageukia moto na kuanza kugeuza samaki ambao walishaondolewa zamani.

Jioni, mumewe anarudi na mikono yenye grisi. Wakwe wanasalimiana, kisha wote wanatembea hadi kwenye banda lililo jirani, ambalo zamani lilikuwa ghala la injini. Hapo ndipo Magamba anapopanga kufungua mgahawa wake mwenyewe kabla ya likizo ijayo. Paa limekwisha kuezekwa. Kinachosubiriwa ni meza na meko.

"Nataka watu wakae, wale kwa mikono, wasiangalie saa," anasema. "Na atakayekuja mara ya kwanza, asiyejua samaki, nimpokee kama nilivyopokewa mimi."

Mzee anazunguka banda, anagonga ukuta, anatikisa kichwa. "Huna pa kukatia. Gogo la kukatia nitakuletea mimi. Siku ya kufungua nitakuja nalo, na samaki wa kwanza asiguswe na mtu."

"Nitakungoja, Baba."

Wanaanza kurudi nyumbani. Njiani mzee anapunguza mwendo mpaka binti yake anamfikia.

"Na kesho unapika nini?"

"Pweza."

"Ana miguu mingapi huyo?"

"Minane."

Mzee anahesabu kwa vidole, akiyatafakari makubwa hayo.

"Basi," anasema, "nianze na mmoja."