Taa Tatu za Merv Dunstall

Noelene Frawley alikuwa na mikono mikubwa, maneno machache, na gereji aliyoachiwa na baba yake pale Kisima cha Tarrant, ambako lami inaishia na kila kitu kinageuka rangi ya kutu, kuanzia mbwa mpaka shuka kitandani. Aliwahi kuolewa, akaachika, akarudi kwenye spana zake wala hakusimulia. Watu walimwamini kwa jambo moja: gari likiingia kwake halitoki na ugonjwa wa kubambikiwa. Kilichokufa atakwambia kimekufa, na kama hakijafa atakufukuza nacho.

Sasa, udongo wa kule umejaa chuma. Na sensa ya gurudumu, kile kidude kinachohesabu tairi linavyozunguka na kuipa habari kompyuta ya gari, ina sumaku ndani yake. Sumaku na chuma, mwenyewe unajua. Vumbi linaganda pale mpaka kidude kinaota ndevu nyekundu, hesabu zinavurugika, na kwenye dashibodi zinawaka taa mbili za njano: ile ya ABS, breki zinazozuia tairi kukwama, na ile yenye picha ya kigari kinachoteleza. Fundi anachomoa sensa, anaifuta, anairudisha, kwisha habari. Ndiyo maana watu wa Kisima cha Tarrant wameacha kuziogopa taa. Wanabandika kipande cha tepu nyeusi juu yake na safari inaendelea. Chungulia gari lolote pale, utadhani dashibodi imefungwa bendeji. Ni ujinga, lakini ujinga wenye sababu zake.

Kwa tepu hakuna aliyemfikia Merv Dunstall. Mzee huyu aliendesha greda ya serikali maisha yake yote ya kazi, na barabara ya vumbi ya kwenda mjini Hedland aliichonga yeye, akaichonga tena kila mvua ilipoiharibu. Mkewe, Avis, alipooza upande mmoja, na kwa kuwa Kisima cha Tarrant hakuna hata nesi, ikabidi akae kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Hedland. Akili zake zilikuwa timamu kabisa, mwili ndio ulikataa. Watoto hawakujaliwa. Merv kuhamia mjini ilishindikana, maana kila chumba cha kupanga kilikwishachukuliwa na watu wa migodini. Basi la abiria halikuwapo na halijawahi kuwapo. Kwa hiyo kila Alhamisi mzee alinyoa ndevu, akavaa shati la pasi, akanunua keki ya chokoleti yenye nazi kwa Trev wa mgahawani, akawasha gari lake la porini akaenda kumwona mkewe. Gari lile likisimama, Avis hana mtu.

Mara ya kwanza alipolileta, taa mbili za njano zilikuwa zinawaka. Noelene alichomoa sensa ya mbele, akaikuta na ndevu, akaifuta.

"Vumbi," akasema.

"Si nilikwambia," Merv akajibu. "Nimekuja tu kukuamkia."

Hazikupita wiki nyingi zikawaka tena. Safari hii Noelene alichomeka kompyuta yake ya kusomea magari, na kompyuta ikamwambia jambo la ajabu: breki na mafuta vinakanyagwa kwa wakati mmoja. Noelene akaisonya. Nani mwenye akili zake anakanyaga vyote viwili? Akaamua kwamba swichi ya pedali ya breki ndiyo inayotoa habari za uongo, akaifunga mpya, akafuta kumbukumbu, taa zikazima. Hapo ndipo alipokosea, fundi wetu. Mashine ilisema kweli, yeye akaiona mwongo, kwa sababu aliyekuwa akisemwa ni Merv.

Mara ya tatu ikaja nyekundu. Taa ya njano unaweza kuifanyia mzaha, lakini nyekundu ya breki si ya kuchezea, na hata Merv hakuthubutu kuitilia tepu. Aliingia gerejini Jumatatu asubuhi, Trev akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Merv, dashibodi yako imefunga mapambo," Trev akamtania. "Krismasi umeanza peke yako?"

"Kaunguze pai zako huko," Merv akasema, akaondoka kwenda kukaa kivulini. Alitembea kwa kuukokota mguu wa kulia, kama mtu anayepita kwenye matope.

Noelene aliinua gari. Mafuta ya breki yalikuwa yameshuka chini ya alama, na hayakuvuja popote. Yalishuka kwa sababu pedi za breki zilikuwa zimelika mpaka chuma, nazo alizifunga mwenyewe majira ya baridi yaliyotoka kupita. Zimelika magurudumu yote manne, sawasawa. Diski zilikuwa zimegeuka buluu kwa moto. Waya wa sensa ya nyuma ulikuwa umeiva, ngozi yake inapukutika ukiigusa. Ingekuwa gurudumu moja, angesema breki imeng'ang'ania. Manne?

"Hivi huyu mzee anashuka milima gani?" akauliza. "Si tambarare tupu mpaka Hedland?"

Trev alikunywa chai kwanza. "Alhamisi iliyopita nilikuwa nyuma yake, nafuata unga. Taa zake za breki hazikuzima hata kidogo. Nikasema leo mzee anasindikiza maiti."

"Na hukumwambia?"

"Nilimwambia. Akasema vumbi."

Noelene alifungua mlango wa dereva akachuchumaa. Lile lilikuwa gari la otomatiki, halina klachi, mguu wa kushoto wa dereva hauna kazi yoyote mle. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika ukingo wa kushoto mpaka ukang'aa, na zulia chini yake, upande huohuo wa kushoto, lilikuwa na tundu la ukubwa wa kisigino. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu alishaelewa na hakutaka kuelewa.

Hata hivyo gari alilitengeneza. Alifunga pedi mpya na diski mpya, akabadilisha waya, akaongeza mafuta ya breki, akafuta kumbukumbu zote. Mchana wa siku iliyofuata dashibodi ilikuwa safi. Akamwita Merv.

"Nipeleke mpaka kwenye vyuma vya kuzuia ng'ombe na kurudi. Nataka kulisikiliza likienda."

"Lisikilize mwenyewe, si una leseni?"

"Nataka kulisikiliza nikiwa nimekaa. Twende."

Wakaondoka. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua, na Merv aliendesha vizuri tu, mkono mmoja, akiinua kidole kimoja kuwasalimu waliopishana nao. Noelene hakutazama barabara. Alitazama miguu. Wa kulia juu ya mafuta, wa kushoto umetulia juu ya breki, umeegemea kidogo, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Na kila alipotaka kupunguza mwendo, mzee aliinamisha macho kwanza, akatazama chini, ndipo akakanyaga.

Karibu na vile vyuma vilivyolazwa barabarani, ng'ombe dume akachomoza kwenye vichaka akajisimamia katikati ya njia. Mguu wa kushoto wa Merv ukashuka na breki ikashika. Ila ule wa kulia haukuondoka. Uliendelea kukandamiza mafuta, injini ikanguruma, gari likawa linasukuma na kuzuia kwa wakati mmoja, likisota kwenye changarawe mkia ukienda upande, na Noelene akapiga mkono gia ikaingia nyutro. Walisimama ng'ombe akiwa amejaa kioo kizima. Injini iliendelea kulia.

"Toa mguu, Merv," Noelene akasema.

"Nimeshatoa."

"Hujautoa. Tazama."

Merv akatazama. Akaushika ule mguu kwa mikono miwili, kwenye suruali pale gotini, akauondoa.

Kule kwao mwanamume unaweza kumuuliza habari za gia boksi yake kutwa nzima, na akakujibu kwa furaha. Mwili wake humuulizi. Unamwambia, "Breki zako zikoje?" naye anakujibu, "Zinasukuma siku," na hapo mmeshajuliana hali. Noelene alikuwa amekulia humo, na tangu azaliwe hakuwahi kuuvuka mpaka ule. Leo akauvuka.

"Tangu lini huusikii?"

Ng'ombe aliondoka kwa wakati wake. Merv aliukodolea macho usukani.

"Sukari," akasema. "Ulianza vidole. Siku moja nilikanyaga msumari, nikaja kujua jioni nilipovua soksi. Kwenye mafuta unatosha, gari lenyewe linaniambia nimekanyaga kiasi gani. Kwenye breki sikuuamini, nikaufundisha wa kushoto. Huo una adabu, miaka yote ulikuwa wa klachi."

"Daktari anajua?"

"Daktari akijua leseni imekwenda."

"Merv."

"Usiniite Merv kwa sauti hiyo. Taa umezizima, sivyo? Basi. Nikienda polepole nafika. Nimeichonga mimi barabara hii, naijua hata kwa kuota."

"Taa nimezizima, na gari lako ni zima. Gari halijawahi kuumwa, ndugu yangu." Akazima injini, akachomoa ufunguo. "Ukiwasha tena kesho, pedi zitalika tena, taa zitarudi, na mimi nitafunga nyingine. Hiyo ni kama una bahati. Safari ijayo asiwe ng'ombe, awe mtoto wa mtu."

"Kwa hiyo Avis akae dirishani anisubiri mpaka afe."

"Keshokutwa nitakupeleka mimi. Siku yangu ya kufuata vipuri Hedland ni Ijumaa; nitaihamishia Alhamisi."

"Sijawa kipuri bado."

"Ufunguo nabaki nao."

Hapo mzee alipandisha hasira. Alisema maneno mengi, mengine ya kuchekesha kama ingekuwa siku nyingine, na la mwisho likawa hili: "Baba yako asingemfanyia mtu hivi." Akashuka akaanza kutembea kurudi nyumbani kwa miguu, juani, akiukokota ule mguu. Noelene akamfuata nyuma na gari, taratibu, kioo kimeteremshwa, mpaka mzee alipochoka akapanda upande wa abiria.

Neno lile la baba yake lilimuuma Noelene, kwa sababu lilikuwa kweli. Baba yake angefunga pedi mpya, angefuta mikono, angesema vumbi. Aliingia stoo akalia katikati ya matairi, akanawa, akarudi kazini. Na ile siku moja iliyobaki alijiuliza kama amemwokoa mtu au amemzika.

Alhamisi alipopiga honi mbele ya nyumba ya Merv, hakuwa na hakika kama atatoka. Alitoka. Kanyoa, shati la pasi, keki ya Trev kwenye mfuko wa karatasi. Akapanda, akafunga mkanda, akatazama mbele. Ni mguu wake wa kushoto tu uliokuwa ukizungumza mpaka Hedland: kila kona ilipokaribia ulikandamiza zulia, na Noelene, ambaye kona zile hakuzijua vizuri hivyo, akajikuta anakanyaga breki sambamba nao.

Kiti cha magurudumu cha Avis kilikuwa pale dirishani panapotazama maegesho. Aliliona gari likiingia, akaona mumewe anashuka upande usio wake. Walipofika chumbani alikuwa analia, kwa ule upande mmoja wa uso ulioweza kulia, mkono mzima umeshika ukingo wa kiti.

Merv aliweka keki mezani akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo goti la kulia lilimfanyia bila ya yeye kulisikia. "Usilie, mama. Nitapata njia. Huyu anasema atakuwa ananileta, lakini nikishindwa na huyu nitapanda hata malori ya ng'ombe. Alhamisi hazitakwisha."

"Silii hilo." Maneno ya Avis yalitoka moja moja, yakivutwa. "Nafurahi, mpumbavu wewe. Kila Alhamisi tangu asubuhi sili. Nakaa hapa. Nahesabu magari mpaka lako litokee."

Merv hakuelewa. Noelene alielewa, na akatamani awe nje na magari.

"Siku yangu ya kuzaliwa," Avis akaendelea, "uliingia hapa na kiatu kimoja. Kingine kilikuvuka kule koridoni. Ulikuja mpaka kitandani, ukanibusu, hujui. Nesi alikileta baadaye. Ndipo nilipojua mguu umekwenda."

"Siku yako ya kuzaliwa?" Merv akasema. "Lakini hiyo ilikuwa kabla hata ya taa ya kwanza. Ulijua muda wote huo, na hukusema?"

Avis alimfuta jasho kwenye paji la uso kwa ule mkono wake mzima, polepole, kama mtu anayefuta kioo.

"Ningesema," akajibu, "ungekuja na nini?"