Siku walipovunja kufuli la ghala la ushirika wakatukuta tunaishi ndani

Wakuu, habari za leo. Haya yalinitokea mwenyewe. Anayetafuta chai za kutunga apite uzi mwingine.

Siku ile mtaani Lipangalala, Ifakara, tulikuwa saba. Mzee Kasiani, balozi wetu wa nyumba kumi. Mama Teo, jirani. Fundi Rajabu na nyundo yake. Mjomba Livinusi wa Lupiro, aliyekuja mjini na baiskeli akatufuata kuangalia. Na mimi, niliyeitwa kufagia.

Wadogo zangu Sabina na Otmari walikuwa ndani.

Ilikuwa miaka ya tisini. Ushirika ulishakufa, ghala limebaki tupu. Wazazi wetu nao walifariki wakifuatana, ukoo ukataka kutugawa. Nikaacha shule, nikashika vibarua ili tusitengane. Kodi iliponishinda tukawa tunaingia ghalani kwa dirisha la nyuma. Mjomba nilimwambia tumepanga chumba Katindiuka.

Sasa, wa Ifakara mnajua. Msimu wa mpunga wazazi wanahamia shamba, watoto wa shule wanabaki mjini wakijipikia. Mama Teo akatoa wazo: watoto wote walale ghalani, kila mzazi alete mchele, kina mama wapokezane kupika. Balozi akaomba ruhusa, akapewa.

Mimi niliambiwa tu nije na ufagio. Sikujua ni wapi mpaka tuliposimama pale mlangoni.

Rajabu akavunja kufuli.

Sufuria juu ya mafiga. Sare ya Sabina kwenye kamba. Otmari akatoka nyuma ya rundo la magunia matupu akasema, "Shikamooni."

Wakuu, niliangalia ufagio tu.

Mjomba akanigeukia: "Ndiyo chumba chenyewe hiki? Leo nawachukua."

"Wote watatu?" Mama Teo akauliza.

"Sabina naondoka naye. Otmari ataenda Mahenge kwa mama yake mdogo. Huyu ameshakua."

"Basi waache. Tunatafuta mtu wa kulala humu awalinde watoto. Tumeshampata."

Balozi akacheka. "Huyu? Ndevu zenyewe hana!"

"Wewe unazo, na wajukuu zako walichoma jiko ukiwa shamba. Hawa wamekaa humu, hata moshi hujauona."

Rajabu alicheka mpaka akaangusha nyundo. Balozi akamwambia mjomba, "Waache kwanza, tuone."

Tukabaki. Msimu ule na iliyofuata walilala watoto wengi mle, mimi nikiwa mlinzi wao. Wadogo zangu wote wawili walimaliza shule. Lakini aibu ya siku ile haijatoka. Nikipita pale mpaka leo naharakisha.

Nilichojifunza: mnaopanga kutumia majengo yaliyoachwa, gongeni kwanza. Kwenu je, yanatumikaje? Tuambizane hapa, hata mkinicheka sawa.

Kuna jambo moja. Misimu yote ile sikuleta hata kisado cha mchele. Sehemu yetu watatu aliitoa Mama Teo. Mwaka juzi nilimpelekea gunia zima. Akanikaribisha, tukala, wakati wa kuondoka nikakuta amelifunga tena kwenye baiskeli yangu.

"Wapelekee wadogo zako," akasema.

Nilirudi nalo.