Chupa Kwenye Kibaraza cha Masele

Masele alipomaliza ghorofa lake mwaka 1993, watu walitoka hata kijiji cha Sitalike kuja kulitazama. Orofa tatu, bati jekundu, na madirisha ya vioo yanayotazama njia ya stesheni. Mpanda ilikuwa haijaona jengo refu namna ile. Lakini mbele yake palibaki uwanja mtupu wa changarawe, na Masele, Msukuma aliyeingia Katavi akiswaga ng'ombe na kutajirika kwa ng'ombe hao hao, hakuupenda utupu ule. Akamwita Ubaldo.

Ubaldo alikuwa mwashi, Mbende wa Kabungu, miaka thelathini na ushei. Ujanani alimsaidia bruda mmoja mzee wa misheni kutengeneza sanamu za watakatifu, na huko ndiko vidole vyake vilikojifunza kuikanda simenti kama unga wa ugali. Tangu bruda afariki, alikuwa akijenga vyoo na makaburi tu.

"Nataka dume," Masele alimwambia. "Kila anayepita ajue mali hii ilikuja kwa miguu minne."

Ubaldo alisuka nondo, akazivisha wavu wa waya, akaanza kukandika. Pembeni pale alikaa Dorotea, mjane wa Kifipa aliyeuza karanga za kuchemsha, na mama huyo hakumwacha fundi kwa amani hata siku moja.

"Huyo ng'ombe ana hasira, mwanangu. Watoto watamkimbia."

"Dume ni dume, mama."

"Hata dume hunywa maji."

Neno lile lilimkaa Ubaldo kichwani. Siku ya tatu alivunja shingo yote aliyokwisha kuifanya, akaijenga upya ikiwa imeinama, pua karibu na ardhi. Masele alipoiona alicheka mpaka akashika kiuno. "Huyu ametoka malishoni, ameshiba!" Na kwa kuwa simenti ilibaki, Ubaldo alimzungushia yule dume kibaraza cha kufika magotini, akakipiga lipu laini. Hakuna aliyemwagiza. Lilikuwa wazo lake mwenyewe.

Kumbe kibaraza ndicho watu walichokuwa wanakihitaji. Abiria waliosubiri treni ya Tabora walihamia pale. Wagonjwa waliotoka hospitali walipumzika pale kabla ya kushika njia ya Kakese. Wachuuzi wa dagaa kutoka ziwani na Wasukuma waliokuja mnadani walikaa mgongo kwa mgongo, na watu waliokuwa wakipishana tu sokoni bila salamu walijikuta wanaulizana habari za mvua. Mwaka 1995, wa uchaguzi wa vyama vingi, ubishi wa siasa ulianzia pale, ukaishia kwenye kikapu cha Dorotea. Watu wakaacha kusema "kwa Masele", wakasema "kwenye dume". Ubaldo akipita na baiskeli alipunguza mwendo. Hakuwa akimtazama ng'ombe wake. Alikuwa akitazama waliokaa.

Mwaka 1996 orofa ya juu ilipata wapangaji wa ofisi. Hawakukaa mwezi wakaanza kulalamika: kelele, maganda ya karanga, wanawake wananyonyesha mbele ya wageni. Masele akamwita tena Ubaldo.

"Fundi, kile kibaraza ukipande chupa. Kama juu ya ukuta."

Ubaldo alidhani hakusikia vizuri. "Watu watakaa wapi, mzee?"

"Nilikuagiza dume. Watu sikukuagiza." Kisha akalainisha sauti. "Mwakani najenga jingine, kubwa kuliko hili. Nataka fundi anayenisikia."

Ubaldo hakujibu, na kutojibu kwake kukawa ndiyo. Alichagua Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani, ili asionwe. Akavunja chupa ndani ya gunia, akapaka udongo wa simenti juu ya kibaraza, akawa anachomeka kipande kimoja kimoja, ncha juu. Alikuwa amebakiza robo ya mzunguko aliposikia kandambili nyuma yake.

"Ubaldo, mwanangu, unapanda nini?"

Hakugeuka. "Chupa, mama."

"Zitaota?"

"Ni kazi tu, mama. Nimetumwa."

Dorotea alisimama pale na kitenge chake cha kanisani. Ubaldo alitamani amtukane, basi yaishe. Mama hakumtukana. Aliinua kigoda na kikapu alivyokuwa amevihifadhi kwa mlinzi wa jengo, akaondoka navyo. Ubaldo akamalizia ile robo iliyobaki.

Baada ya hapo uwanja ule uligeuka maegesho. Lori moja lilirudi nyuma likang'oa sikio la dume, na hakuna aliyeuliza. Mwaka uliofuata Masele alianza jengo lake la pili kweli, na akaleta fundi kutoka Tabora. Ubaldo alisema moyoni kwamba amestahili kunyimwa kazi ile. Akawa anapitia mtaa wa nyuma akienda sokoni.

Masika ya 1998 mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Siku moja mkewe Felista, mimba yake ikiwa ya miezi minane, alirudi kutoka kliniki akiwa amevimba miguu.

"Nilitaka kupumzika pale kwenye dume," alisema akivua viatu. "Nikashika pembe yake tu juu ya chupa zile, nikasimama mpaka mvua ikapungua."

Felista hakuwa na nia ya kumchoma. Lakini usiku huo Ubaldo hakula, na asubuhi alichukua nyundo na tindo akaenda kwa Masele kuomba ruhusa.

"Zing'oe ukitaka," Masele alisema, hata hakuinua kichwa. Wale wapangaji walikuwa wamekwishahama. "Pale ni pa magari tu siku hizi."

Alizing'oa siku mbili nzima, mikono ikavuja damu, kisha akapiga lipu upya. Halafu akasubiri. Watu walipita. Mmoja alikigusa kibaraza kwa kiganja, kama anayepima joto la pasi, akaenda zake. Wengine walikuwa wamekwishazoea kusubiri treni kulekule stesheni, wamechuchumaa kando ya reli.

Basi akapanda baiskeli mpaka Kakese, kijijini kwa Dorotea, akamkuta ameketi mlangoni kwake, anachambua maharage.

"Nimezitoa, mama. Zote. Nimekuja kukuomba urudi."

Mama alimtazama mikono. "Nimefurahi umekuja kuniambia. Ila miguu yangu haifiki tena mjini, mwanangu. Imenifia magotini."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ileile, njiani." Akamsogezea sinia la maharage. "Kilichonisumbua ni kwamba hukugeuka. Ungegeuka tu unitazame, ningekusaidia kubeba hata gunia."

Ubaldo alichambua maharage naye mpaka jua likaingia, kisha akaaga.

Mwaka 1999 Masele alitaka nafasi zaidi ya magari, akatuma mtu kumwomba Ubaldo amvunje yule dume. Ubaldo alikataa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumkatalia. Wakaita mwashi mwingine. Felista, aliyepita pale akitoka sokoni na mtoto mgongoni, ndiye aliyemletea habari: kazi ile ilikuwa imekwisha kabla ya saa nne asubuhi.

"Kulikuwa na watu wanatazama?" Ubaldo aliuliza.

"Hapana," Felista alisema. "Palikuwa na magari tu."